Mbwa wangu anakojoa mkojo mweusi, naomba ushauri (Lubumbashi)

Simba_Katuba: Salamu wakubwa. Nina mbwa dume, mchungaji wa Kijerumani, analinda parsele (kiwanja) yetu hapa Katuba. Tangu juzi hali chakula, anahema mbiombio, mwili unawaka. Leo asubuhi kakojoa mkojo mweusi kama kahawa. Kupe nilimtoa wengi, masikioni na katikati ya vidole. Nimpe nini?

Mama_Dorka: Pole mudogo. Wangu alikufa hivyohivyo, majirani wakasema kalishwa sumu. Na mama wa ng'ambo ya barabara hatuamkiani hadi leo. Mchemshie mwarobaini.

Fundi_Kamalondo: Watoto wa mtaani kwetu wanaugua malaria, hakuna anayewafungulia uzi. Mbwa ndiye wa kuhangaikiwa!

Vete_Kasapa: Mama, mwarobaini hautafika huko. Simba, mfunue mdomo utazame fizi. Zina rangi gani? Na umeshampa dawa gani?

Simba_Katuba: Fizi nyeupe. Macho yana umanjano kidogo. Dawa ni ya kawaida tu.

Vete_Kasapa: Ya kawaida ni ipi?

Simba_Katuba: Kuna papa mmoja anafuga ng'ombe, alimpiga sindano jana.

Vete_Kasapa: Sindano ya nini? Kiasi gani?

Simba_Katuba: Ule unga wa manjano wa ng'ombe, unachanganywa na maji. Kiasi alikisia yeye. Msinilaumu, veterinere anaomba pesa ya kulisha nyumba nzima, na huyu papa kaponya mifugo mingi. Jioni hii anarudia, dawa nimekwisha kuinunua.

Vete_Kasapa: Usikubali arudie! Huo unga ni diminazini. Kwa mbwa ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya msuli, mara moja. Pakiti nyingi ndogo zimepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Wako anafika hata 40? Ikizidi, au ikirudiwa upesi, inaharibu ubongo: mbwa anapepesuka, macho yanachezacheza, anaanguka. Dawa yenyewe ndiyo inayotibu babesia, na dalili zako zinaelekea huko. Ni kijidudu kinachoingia kwa mate ya kupe na kupasua chembe nyekundu za damu, ndiyo maana fizi zimepauka na mkojo umekuwa mweusi. Ila kupe huleta pia erlikia, ugonjwa wa bakteria, na hiyo inataka antibiotiki ya doksisiklini, miligramu 10 kwa kilo kila siku, kwa siku 28. Mbwa mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Lazima damu ipimwe kwa hadubini. Tone la ncha ya sikio linatosha kuanzia. Na fizi zikiwa nyeupe hivyo, huenda akahitaji kuongezewa damu. Chuo Kikuu kina kitivo cha udaktari wa mifugo, ulizia huko leo.

Mpenda_Ukweli: Ngojeni kwanza. Tuko mwezi wa 7, vumbi tupu, tone la mvua hakuna. Kupe wote hao wametoka majani gani? Kesho atatuma namba ya kupokea pesa. Hadithi hizi tumezizoea.

Mama_Dorka: Kweli, hata picha hatujaona.

Simba_Katuba: Mungu ananiona, sijaomba hata franka moja.

Vete_Kasapa: Kiangazi si hoja. Kupe wa kahawia wa mbwa hahitaji majani, anaishi na sisi nyumbani. Jike akishiba damu anadondoka, anapanda ukuta, anataga mayai kwa maelfu kwenye nyufa. Simba, chukua tochi ukamulike kibanda.

Simba_Katuba: Nimemulika. Nyuma ya ubao, kwenye ufa wa matofali, wamejazana wadogowadogo, wanatembea. Papa nimemwambia asije. Lakini mbwa hasimami tena, ni taksi gani itakubali kumpakia?

Fundi_Kamalondo: Nina pikapu. Mafuta utaweka wewe. Nitumie namba kwa ndani, na utafute blanketi la kumlazia.