Mvinyo mweupe kwa chaza na pweza: Picpoul, Muscadet au Apremont?

Binti_Pwani: Wakuu, salaam. Niko Lyon, Jumamosi napokea wageni. Kuna chaza wabichi, kisha pweza wa kuchoma kwa ndimu na pilipili. Natafuta mvinyo mweupe mkavu, yaani usio mtamu, wenye uchachu wa kuamsha ulimi. Mvinyo wa Chablis na Sancerre bei zimepaa. Dukani nimeona Picpoul de Pinet, Muscadet na Apremont. Nichukue upi?

Mkazi_Sète: Dada, Picpoul bila kusita. Mizabibu yake iko kando ya ziwa la maji chumvi la Thau, Languedoc, kusini mwa Ufaransa, na chaza wa Bouzigues hufugwa humo humo ziwani. Jua la huku ni kali, lakini zabibu hii, Piquepoul nyeupe, haipotezi uchachu wake hata ikiiva vizuri. Ukionja utapata ndimu, kisha kama chumvi kwa mbali. Sisi hapa Sète tunaunywa na tielle, pai ya pweza na nyanya yenye pilipili, kwa hiyo pweza wako hautampa shida. Tafuta chupa ndefu nyembamba ya kijani. Tangu 2013 una AOC yake wenyewe, yaani jina rasmi linalolindwa la eneo la asili.

Kaka_wa_Nantes: Kwa pweza nakubali. Kwa chaza wabichi, hapana! Hapo ni Muscadet, ila hakikisha lebo imeandikwa "Sèvre et Maine sur lie". "Sur lie" maana yake mvinyo umekaa majira yote ya baridi juu ya mashapo ya hamira, ndiyo maana unajaa mdomoni na kuchoma ulimi kidogo. Picpoul ni mzuri, lakini huisha upesi mdomoni.

Mkazi_Sète: Huisha upesi ukinunua wa bei ya chini kabisa. Panda kidogo, utaona tofauti.

Mama_Chambéry: Apremont, mvinyo wa huku kwetu Savoie milimani, naupenda sana. Zabibu ni Jacquère, na mashamba yake yako juu ya kifusi cha mlima Granier ulioporomoka 1248. Lakini ni mwepesi mno, pilipili itaumeza. Uweke kwa samaki wa maji baridi au jibini ya kuyeyusha.

Binti_Pwani: Asanteni. Basi Muscadet kwa chaza, Picpoul kwa pweza. Niipoze kiasi gani?

Kaka_wa_Nantes: Nyuzi 8 hadi 10. Ikizidi baridi, harufu yote inajificha. Toa chupa kwenye friji unapoanza kufungua chaza.

Mkazi_Sète: Na Picpoul chukua wa mavuno mapya, usikubali uliokaa rafuni miaka.