Mafundi wa Kampala, acheni kuwatangazia watu SSD zimekufa wakati hamjaangalia BIOS!

Ndugu zangu, leo sinyamazi. Laptopu yangu ya Intel kizazi cha 11 ilikuwa inawaka bila shida. Niliipeleka kwa fundi katikati ya jiji aniwekee Windows 11, maana Windows 10 iliachwa tangu 14 Oktoba 2025. Akaingia BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, kuwasha Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka), na akiwa humo akarudisha mipangilio yote ya kiwandani. Hakuuliza, wala hakupiga picha ya ilivyokuwa.

Kuanzia hapo Windows ikagoma. Akachomeka flashi ya kusakinishia, orodha ya diski ikaja tupu. Hukumu palepale: "SSD imekufa, bosi. Lete laki mbili na nusu nikuwekee nyingine." Na humo ndimo zilimo hesabu zote za SACCO yetu!

Imekufa vipi? Nilifika nyumbani nikafungua BIOS mwenyewe. Ukurasa wa kwanza tu, jina la SSD limeandikwa waziwazi, GB 512. Kilichobadilika ni VMD, kipengele cha Intel kinachosimamia SSD, ilikuwa imewashwa. Ikiwa imewashwa, flashi ya Windows isiyo na draiva ya Intel RST (programu ya kuisomea diski) mara nyingi haioni SSD ya NVMe, aina ya SSD za siku hizi, na Windows iliyosakinishwa VMD ikiwa imezimwa nayo inaweza kukataa kuwaka. Nikaizima, nikahifadhi, mashine ikawaka. Kila faili lipo. Laptopu nyingine za Acer huficha kipengele hicho mpaka ubonyeze Ctrl na S, sasa fundi asiyejua hilo amezika diski za watu wangapi?

Kinachoniuma zaidi: ningekubali, SSD yangu ingebaki kwenye droo yake ikiwa nzima, na majina na akiba za wanachama wote ndani. Nani angeifungua? Nilipomrudia akasema eti kompyuta ndivyo zilivyo. Pesa ya uchunguzi hajanirudishia mpaka leo. Uchunguzi upi?

Mafundi mnaosoma hapa, pigeni picha kila ukurasa wa BIOS kabla ya kugusa kitu. Muulizeni mwenye mashine kama ana ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga data kwenye diski), ule wa tarakimu 48. SSD isipoonekana, angalieni VMD, RAID na AHCI (namna mashine inavyowasiliana na diski), kisha ijaribuni kwenye mashine nyingine, ndipo mtaje bei.

Na wewe uliyeambiwa yako imekufa, usiiache dukani. Andika hapa aina ya mashine na ulichoambiwa.