Mkanda wa LED kwenye tangi la mimea: mwisho unafifia, adapta inachemka

Mdau, Kisumu
Wakuu, naomba mwongozo. Tangi langu ni sm 60 × 30 × 36, lita kama 65. Lina mimea ya majini, Anubias na Vallisneria, na situmii kaboni dioksidi. Chini ya kifuniko nimezungusha mkanda wote wa LED: mita 5, volti 12, wati 14.4 kwa mita, adapta ya ampea 2. Mwisho wa mkanda unafifia, adapta haishikiki kwa joto, na majani ya Anubias yameota mwani. Taa huwaka kutwa nzima. Ninunue adapta kubwa?

Fundi, Nakuru
Chomoa adapta hiyo leo. Mita 5 ni wati 72, yaani ampea 6 kwa volti 12. Umeibebesha mara tatu ya uwezo wake.

Adapta kubwa itaondoa joto lakini itazidisha mwanga, na mwani utashangilia. Kata vipande vitatu vya sm 50, kwenye alama ya mkasi tu. Vitakula ampea 1.8, kwa hiyo adapta ya ampea 3 inatosha na ziada. Usiviunge kwa kufuatana. Kila kipande kipate jozi yake ya waya kutoka kwenye adapta, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Njia za shaba ndani ya mkanda ni nyembamba, volti hupotea njiani, ndiyo maana mwisho unafifia. Bandika kwenye reli ya alumini ili LED zipoe. Rangi iwe nyeupe, kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga).

Mfugaji, Kakamega
Naongeza: viungio vya kubana huota kutu kwa mvuke wa tangi. Lehemu waya, kisha ziba kila ncha iliyokatwa kwa silikoni, maana ukikata mkanda usioingiza maji umeufungua.

Adapta ikae juu kuliko usawa wa maji. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kwenye plagi, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Fyuzi ya plagi iwe ya ampea 3, si 13. Na plagi ya pini mbili isisukumwe kwenye soketi kwa kalamu!

Mdau, Kisumu
Asanteni sana. Na mwani je?

Mfugaji, Kakamega
Punguza muda wa taa uwe saa 6 kwa siku, tuseme kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku, na jua la dirishani lisifike. Anubias hukua polepole, jani moja hukaa miezi, hivyo mwani hupata pa kukaa. Ihamishie kwenye kivuli cha Vallisneria. Baada ya wiki mbili, kama majani mapya ni safi, ongeza nusu saa.

Taima, yaani saa ya kuwasha na kuzima taa, nunua ya dijitali yenye betri. Ile ya kuzungusha husimama stima ikipotea. Ikirudi, ratiba yako imeshachelewa kwa muda uleule.