Mpiga solo wa Dar, nihamie Moro?

Wakuu, napiga gitaa la solo kwenye bendi ya baa hapa Sinza, wiki nzima mazoezi alafu Jumamosi nakaa pembeni ya jukwaa nasubiri mwenye namba yake achoke ndo nishike wimbo mmoja. Kuna bendi Moro wananiita. Laivu mikoani inalipa kweli?

— Nenda mkuu. Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga solo wa zamani, alitokea bendi ya Morogoro Jazz na nchi nzima ikamjua. Kule utapiga usiku kucha, vidole vitaiva.

— Kiingilio hakitoshi ila harusi na kipaimara zipo. Uliza kwanza vyombo ni vya nani, mi nilikuta spika imepasuka tukapiga hivohivo, watu wakacheza mpaka saa tisa.

— Asanteni wakuu, Ijumaa naondoka na waya zangu.