Naomba ushauri: kaka alijaa maji kwenye mapafu Kilimanjaro, mdogo wetu naye anataka kupanda

Habari zenu wakuu. Niko Mikindani, Mtwara. Kaka yetu mkubwa alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Pale Horombo, mita 3,720, usiku alianza kukohoa, akawa hawezi kulala chali, makohozi yanatoka na povu la rangi ya waridi. Waongozaji walimteremsha usiku ule ule, na nawashukuru mpaka leo, maana dawa ya kwanza ya hali hiyo ni kushuka. Na ni mtu mzima wa afya, mvuta nyavu tangu utoto!

Sasa kitinda mimba wetu naye kajiandikisha. Mama hataki hata kusikia.

Nimesoma kwamba oksijeni ikipungua mishipa ya mapafu hujibana, ila kwa baadhi ya watu hujibana kupita kiasi, presha inapanda, maji yanavujia ndani. Aliyewahi kuugua ni rahisi kurudiwa. Watafiti wameihusisha pia na jeni, ikiwemo ya kutengeneza nitriki oksaidi, inayolegeza mishipa.

Ninachoomba: kuna ndugu wa damu humu waliougua wote wawili? Daktari akiambiwa historia ya kaka, anaweza kumpima mdogo mtu nini, labda ultrasaundi ya moyo? Najua nifedipine, dawa ya kushusha presha, hupewa waliowahi kuugua ili wajikinge. Je, na ndugu yao hupewa? Na kati ya njia ya Marangu na ile ya Lemosho ya siku nane, mngemshauri ipi? Mimi naona Lemosho, apande taratibu.

Waongozaji na madaktari, tafadhali nisaidieni.