Tenori wetu ameitwa na hoteli: waimbaji wa Kiyahudi walifanyaje?

MamaKorali, Katuba (Lubumbashi)
Jambo ndugu. Naongoza korali ya parokia mwaka wa 12 sasa. Tenori wangu, kijana niliyemfundisha solfeji kabla hajaota ndevu, ameitwa na orkesta ya hoteli mjini: kila Jumamosi usiku hadi alfajiri, analipwa dola. Misa ya kwanza ni saa 12 asubuhi. Baba paroko anasema achague moja. Mimi nalala nikilia. Juzi nimepita mbele ya sinagogi la mjini, lile la 1930, nikawaza: hawa wameimba zaburi kabla yetu sote. Waimbaji wao wakiitwa nje, walifanyaje?

YayaKamalondo
Mama, heshima. Kwao anayeongoza sala kwa kuimba ni hazan. Mmoja, Yossele Rosenblatt, mzaliwa wa Ukraine, alihamia New York mwaka 1912. Mwaka 1918 opera ya Chicago, kundi la maigizo ya kuimbwa, ilimtaka katika igizo la *La Juive*, dola 1,000 kwa kila onyesho. Walimkubalia asiimbe Sabato, hata ndevu asinyoe. Akakataa. Baadaye akatia fedha katika gazeti la Kiyahudi, likaanguka, madeni yakamfuata mpaka akaimba kwenye kumbi za burudani apate kulipa. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka: alichokikataa akiwa nacho, alikifuata akiwa hana. Lakini hata 1927, alipoimba katika filamu, Kol Nidre, sala ya usiku wa siku ya toba, hakukubali kuiimba humo.

MpigaKinanda
Yaya, kuna na Richard Tucker. Alikuwa hazan Brooklyn, akaingia Metropolitan Opera ya New York mwaka 1945, akaimba huko mpaka kifo chake mwaka 1975. Sikukuu kuu zikifika, alirudi kuongoza sala. Na hiyo *La Juive* aliitunga Halévy, ambaye baba yake alikuwa hazan Paris! Mama, usimfungie mtoto mlango.

MamaKorali
Aksanti sana. Kumbe Rosenblatt alikubaliwa masharti yake kabla hajasema ndiyo wala hapana. Sisi hatukuuliza hata saa! Kesho naenda na kijana hotelini, tuombe amalize saa 4 usiku. Baba paroko nitamwomba zaburi ya misa ya pili ibaki yake.