Wazee wanataka liturgia, vijana wanataka sifa na kuabudu, kamati tupeleke nini kwa mchungaji?

Katibu_Kamati
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na Wakatoliki humu Tumsifu Yesu Kristo.

Niende kwenye mada. Sisi ni Walutheri, usharika wa mjini, siutaji. Vijana wetu wengi Jumapili asubuhi hawaonekani, na wakionekana jioni wako kwenye makanisa ya kiroho wanaruka. Sasa baraza la wazee limegawanyika. Kuna wanaosema ibada ya pili tuondoe liturgia, yaani ule utaratibu wa ibada ulioandikwa kitabuni, eti ni ya wazungu, tuweke timu ya sifa, kibodi, spika kubwa, projekta, watu waabudu saa nzima ndo neno lifuate, ndo uamsho utakuja. Wengine wanasema wakisikia ngoma za kibodi ndani ya kanisa wanatoka nje, hii siyo disko. Mzee mmoja kaapa kabisa matoleo yake atapeleka mtaa mwingine.

Mchungaji kaunda kamati, mimi ndo katibu, tunatakiwa kupeleka mapendekezo. Binafsi naona wote wanagombania vyombo, hakuna anayeuliza hii ibada yenyewe inamfanya nini mtu akishatoka pale mlangoni. Ila nikisema hivyo kwenye kikao naambiwa nakwepa swali. Nyie kwenu mmefanyaje? Msinitukane tafadhali.

Dogo_wa_Mbezi
Mimi ni mmoja wa hao waliohama mkuu kwa hiyo nisikilize vizuri, sikuhama kwa sababu ya kibodi. Nilihama kwa sababu nilikuwa nakaa benchi la nyuma miaka na miaka hakuna anayejua kama nina kazi au sina, ninaumwa au ni mzima, naingia nasimama nakaa nasimama natoa sadaka naenda home. Kule nilikoenda wiki ya kwanza tu mtu kaniuliza jina, wiki ya pili wananiombea kwa jina langu. Muziki ni mzuri ndio sikatai, ila mkiweka spika halafu mtu bado hajulikani mtakuwa mmenunua spika tu.

Sauti_ya_Nne
Nimefundisha kwaya karibu umri wangu wote wa utu uzima, naomba niseme neno na mnivumilie nikirefusha.

Kwanza hii hoja ya "liturgia ni ya wazungu" huwa inaniudhi kidogo ingawa nusu yake ni kweli. Luther mwenyewe alikuwa anapigania nini? Watu waimbe kwa lugha yao. Vitabu vya kwanza vya nyimbo vya Walutheri vilitoka 1524, na 1526 akatoa utaratibu wa misa kwa Kijerumani, kabla ya hapo muumini wa kawaida alikuwa anawasikiliza wenzake wakiimba Kilatini. Na sisi hatukubaki tunaimba tuni za Ujerumani peke yake, Mfurahini Haleluya imeandikwa 1966 na Bernard Kyamanywa akiwa mwanafunzi wa theolojia pale chuo cha Kilutheri cha Makumira, tuni ni ya Kihaya, na leo Pasaka ikifika Wamarekani wanaiimba kwa Kiingereza ndani ya ibada yenye liturgia kamili! Kwa hiyo nani kasema liturgia na ngoma haviwezi kukaa nyumba moja?

Pili, na hapa wenzangu wa kwaya watanichukia. Usharika wenye kwaya kuu, ya vijana, ya akina mama na ya uinjilisti, kila moja nyimbo mbili, washarika wanaimba saa ngapi? Wanakaa wanaangalia sare. Sasa mnataka kutoa kwaya nne muweke vijana sita wameshika maiki na sauti imefunguliwa mpaka mwisho, bibi akiimba hata yeye mwenyewe hajisikii. Watazamaji watabaki watazamaji. Kipimo changu ni kimoja, zima umeme katikati ya wimbo, kama kanisa linaendelea kuimba hapo kuna ibada.

Kitombile
Punguzeni matangazo. Matangazo, changizo la jengo, mnada wa kuku na ndizi, mgeni rasmi anasalimia… mahubiri yenyewe dakika kumi na tano. Halafu mnashangaa vijana wamekimbia.

Mama_Ushirika
Kitombile umenichekesha lakini mnada usiuguse, ule ndo unalipa mwinjilisti wa mtaa.

Katibu mimi kwetu ni Kagera, nimelelewa na bibi aliyekuwa kwenye ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda, Kenya mpaka kwetu. Walikuwa na wimbo wao Tukutendereza, Kiganda hicho, na wala hawakuwa na kinanda chochote, mtu anaanzisha tu alipokaa wengine wanadaka. Lakini kilichoshtua vijiji siyo wimbo. Mtu anasimama anaungama mbele za watu, kesho yake utamkuta anarudisha jembe aliloiba au anakwenda kwa ndugu waliyekuwa hawasalimiani. Halafu wimbo unaimbwa BAADA ya hapo, yaani ni furaha ya mtu aliyetua mzigo. Sisi sa hivi tunataka kuanza na furaha.

Na wengi wao hawakuhama, walibaki kwenye Anglikana yao na Ulutheri wao, Jumapili wanafuata liturgia ile ile mnayosema imekufa. Bibi yangu ungamo la dhambi alikuwa analisema taratibu mpaka anachelewa kumaliza na wenzake.

Msomaji_Biblia
Someni 2 Nyakati 29. Mfalme Hezekia alifungua milango ya hekalu, Walawi wakajitakasa, wakatoa uchafu wakautupa kijito Kidroni, ndipo mstari wa 27, sadaka ya kuteketezwa ilipoanza na wimbo wa Bwana ukaanza. Angalieni mpangilio huo. Na Amosi 5:23 Mungu anakataa nyimbo za watu wanaowaonea maskini, na hakusema zimepigwa vibaya.

Petro_wa_Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki naomba nichangie. Mtaguso wa Vatikani II, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu, hati ya kwanza kabisa kutoa ilikuwa ya liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, na msisitizo wake mkubwa ni waamini washiriki kwa ukamilifu, wakijua wanachofanya, wasikae kama wageni. Ndo maana leo tuna misa ya Kiswahili, kayamba, vigelegele, na nguzo za misa, Neno na Ekaristi, ziko palepale. Halafu 1967 karismatiki, yaani Wakatoliki wa vikundi vya sifa na maombi, wakaanza na wanafunzi kule Pittsburgh Marekani, sa hivi wako parokia nyingi hapa kwetu. Wana siku yao katikati ya wiki, wanasifu, wanaombeana, wanalia, Jumapili wako kwenye misa na wengine. Vurugu zipo, siyo kwamba hazipo, paroko anatakiwa awe nao karibu. Jaribuni hivyo kabla hamjabomoa ibada ya pili.

Dogo_wa_Mbezi
Hilo la katikati ya wiki nalikubali ila msiwape vijana saa kumi alasiri wakati tuko kazini, halafu mseme hawaji.

Katibu_Kamati
Nimesoma yote, nashukuru sana wapendwa. Niliyoandika mpaka sasa ni haya: liturgia ibaki, ungamo lisikimbizwe na baada yake pawe na ukimya kidogo. Kwaya zipokezane, kila Jumapili moja tu, na nyimbo nyingine zote waimbe washarika. Matangazo yabandikwe ukutani. Alhamisi jioni saa moja ibada ya maombi na sifa, vijana waongoze na mzee mmoja akae nao. Na kila mzee wa kanisa apewe kaya za kutembelea, hili la kutembelea najua ndo litapingwa kuliko kibodi.

Kibodi yenyewe sijaiandika popote. Sauti ya Nne, tukisema ipigwe kwa sauti ya chini bila zile ngoma zake za kuwasha zenyewe, yule mzee wangu atakubali kweli?

Sauti_ya_Nne
Mpeni mzee achague wimbo wa kwanza wa kupigiwa. Mengine muachieni mchungaji.